Mshereheshaji wa harusi yetu Tabata: je, laki nane zilikuwa halali yake?

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma hii mkiwa kikaoni na bajeti mkononi. Kama harusi yenu ina wageni wasiofika mia tatu, wazee ni wengi na familia mbili bado hazijazoeana, mchukueni huyu bwana bila kusita. Kama mnachotaka ni mtu wa kuwarusha vijana mpaka viatu vivuliwe, someni hadi chini kwanza kabla hamjatoa malipo ya awali. Jina lake silianiki hapa kwa kuwa sijamwomba ruhusa. Anayemhitaji aniulize pembeni, nitawakutanisha.

Mimi ni shangazi wa bibi harusi na nilikuwa katibu wa kamati. Nafundisha Kiswahili sekondari huku Temeke, kwa hiyo nikikaa ukumbini masikio yangu yako kwenye kipaza sauti kuliko kwenye sahani. Na kuna jambo limekuwa likiniuma miaka mingi. Hudhuria shughuli za mji huu Jumamosi hii na Jumamosi ijayo, iwe Sinza, Mbagala au Kimara: utasikia sherehe ya kipekee, sherehe ya kihistoria, bonge la shughuli, shughuli si ya nchi hii, bibi harusi mrembo haijapata kutokea. Wiki inayofuata ukumbi ni mwingine, gauni ni jingine, maneno ni yale yale. Watu wamechanga miezi mitano, mama mzazi amevunja kibubu, baba amekopa kwenye kikoba, halafu siku yao inasifiwa kwa sifa ambayo ingemtosha yeyote aliyelipia ukumbi. Naona ni dhuluma. Shughuli ya kila mtu ina sura yake, na MC ndiye tunayemlipa aione hiyo sura na kuitaja mbele za watu.

Huyu nilimsikia kwanza kwenye mahafali ya kidato cha nne ya shule jirani. Alikuwa anaita wanafunzi wa kupewa zawadi. Kwa kawaida hapo tunasikia "mwanafunzi hodari", "mwanafunzi mwenye nidhamu", basi, anayefuata. Yeye alimwita binti mmoja hivi: "Aje yule ambaye mlinzi anamjua kuliko walimu, kwa sababu humkuta getini kabla hajafungua." Wenzake wote waligeuka kumtazama kabla jina halijatajwa. Nikamfuata baada ya shughuli nikachukua namba.

Tulimpata kwa shida. Wakatoliki kwa kawaida hatufungi ndoa Kwaresma, kwa hiyo Pasaka ikipita kila mwenye harusi anagombea Jumamosi zile zile, na washereheshaji wazuri wa Dar wanakuwa wameshachukuliwa tangu Januari. Akatupa tarehe moja tu. Bei aliyotaja ni laki nane, yeye peke yake bila DJ wala vyombo vya muziki. Mweka hazina wetu alilalamika, maana kuna wanaokuja na DJ wao kwa pesa hiyo hiyo. Tulikubaliana nusu kwenye mkataba na nusu siku ya shughuli kabla hajapanda jukwaani.

Kilichonifanya nimtetee mbele ya kamati ni namna alivyokuja kikaoni. Vikao vyetu vilikuwa kwenye bustani ya baa moja hapa Tabata, kama kamati nyingi za mji huu. Akaagiza soda, akatoa daftari la kawaida la shule, akaanza kuuliza. Upande wa mke nani anasimama kwanza? Kuna marehemu ambaye familia ingependa atajwe, na kuna ambaye isingependa? Bibi harusi nyumbani mnamwitaje? Mama yake anafanya kazi gani? Kuna watu wasiosalimiana ambao hawafai kuitwa jukwaani pamoja?

Mwenyekiti akamkatiza. "MC, haya yote ya nini? Wewe tuchangamshie ukumbi tu."

Akajibu kwa upole, kalamu bado iko mkononi: "Mwenyekiti, nisipojua mama alimleaje huyu binti nitaishia kusema mama mwema. Mama mwema yuko kila ukumbi."

Pale pale nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba amepita.

Siku yenyewe mvua ya masika ilishuka tangu saa kumi jioni. Barabara ya Mandela ikafunga, na wageni wa upande wa mume, wengi wao Wanyakyusa wa Tukuyu, kule Rungwe kwenye mvua nyingi, wanaoishi Mbagala na Kigamboni, walikwama njiani. Saa mbili na nusu usiku nusu ya viti vilikuwa vitupu na maharusi bado wako garini. Hapa ndipo washereheshaji wengi huanza kusema "mvua ni baraka, mvua ni baraka" mpaka watu wachoke kubarikiwa. Yeye aliwageukia wazee wachache wa Tukuyu waliokuwa wameshafika, akawauliza: "Wazee wangu, hii sisi watu wa Dar tunaiita gharika. Nyie kwenu Rungwe mnaiitaje?" Mzee mmoja akasimama akajibu bila kipaza sauti, "Hii? Hii ni manyunyu!" Ukumbi mzima ukacheka, wa upande wetu na wa kwao, na kuanzia hapo mvua ikawa kitu chetu sote. Akaendelea kuwapa wazee kipaza sauti waeleze harusi za enzi zao, za kutembea kwa miguu na matarumbeta mbele. Muda ukaenda na hakuna aliyenuna.

Maharusi walipofika mlangoni alimwomba DJ azime muziki kabisa. Hili ni jambo dogo lakini sijaliona likifanyika. Matarumbeta yalikuwa bado yanapiga nje chini ya kibanda cha turubai, nayo yakaachwa yasikike yenyewe. Sisi mashangazi tukatandika kanga kutoka mlangoni hadi karibu na meza kuu, tukiwa tumeinama na kurudi kinyumenyume. Akaanza kusema taratibu, kwa sentensi fupi. Alisema viatu vya bibi harusi vimeloa, na havuli. Alisema anatembea pole, si kwa maringo, bali kwa sababu amemshika babu yake na babu hana haraka. Alisema kanga anazokanyaga ni za mashangazi, mbili zimechakaa na moja ni mpya kabisa, na zile chakavu ndizo zilizombeba mgongoni. Kweli moja ilikuwa ile niliyombebea. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu wiki iliyotangulia, nikadhani amesahau.

Hakuna mahali alipotaja neno mrembo. Wala hakulihitaji, kila mtu alikuwa anamwona.

Nawapa na la mama, kwa sababu hili ndilo wageni wanaendelea kulizungumza. Wifi yangu anauza vitumbua Buguruni. MC alikuwa amempitia nyumbani siku chache kabla na kumuuliza kama ana ridhaa biashara hiyo itajwe, na wifi akasema itajwe, ndiyo kazi yake. Ulipofika wakati wa kutambulisha wazazi, alisema: "Huyu mama anaamka saa tisa usiku. Ada ya chuo ya binti huyu ilihesabiwa kwa kitumbua kimoja kimoja. Mkija kumpa mkono leo, mtazame vidole vyake, mtaona alama za mafuta ya moto." Kisha akanyamaza. Vigelegele vilichelewa kidogo, halafu vikaanza kutoka meza ya wauzaji wenzake wa Buguruni, na vikachukua ukumbi wote. Wageni wa Tukuyu walipopita kutoa zawadi, kila mwanamke alikuwa anaushika mkono wa wifi kwa mikono yake miwili. Baba wa bwana harusi alimwambia "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, akarudia, akaenda kuketi.

Kuhusu itifaki nampa alama zote. Kaka yangu alioa Mluguru wa Matombo, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye kauli. Washereheshaji wengi wa hapa mjini hawajui hilo, wanamwita baba moja kwa moja, na mjomba anakaa kwenye kona amekunja uso usiku kucha. Yeye aliuliza mapema, akamtanguliza mjomba, na alivyomwita hakumpamba kupita kiasi. "Mzee wa shauri," alisema, "mtu ambaye barua ya posa ilisubiri mkono wake." Maneno machache, na mjomba alisimama akiwa mrefu kuliko nilivyomzoea.

Hapa niseme kidogo kama mwalimu. Lugha yetu haina lundo la vivumishi vya asili. Tuna -zuri, -kubwa, -refu, -pya, -tamu na wenzake, ukishawataja kila Jumamosi vinaisha makali. Utajiri wetu mwingine uko kwenye "-a" na "-enye" na "-lio": harusi ya heshima, mkesha wa nderemo, karamu iliyosheheni, ngoma yenye kishindo, maulidi yaliyotulia, kipaimara cha unyenyekevu. Hapo ndipo mtu mwenye macho anaweza kuunda sifa mpya palepale jukwaani, inayolingana na kile kilicho mbele yake. Pia kuna sifa za kusubiri. Wapo MC wanaotangaza "sherehe imefana" saa mbili usiku wakati wapishi bado wanatoa masufuria kwenye gari. Kufana kunasemwa na wageni wakiwa wanatoka. Huyu hakulitamka hadi anaaga, na hata hapo aliuliza: "Je, imefana?" akaacha tujibu sisi. Kila mwaka tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, siku ambayo nusu ya Dar iko kwenye viwanja vya Sabasaba, shuleni kwetu tunakariri mashairi na methali. Ningependa siku moja tumwalike yeye aje awaonyeshe watoto namna ya kusifu.

Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Zamani ilikuwa ya Wachaga, sasa ni ya kila mtu, hata harusi ya Mluguru na Mnyakyusa haiendi bila hiyo. Kawaida ikiingia tunasikia "ndafu ya hatari, ndafu ya moto" na muziki unapandishwa. Yeye alimzuia mpishi katikati ya ukumbi, akamzunguka yule mbuzi, akatueleza anachokiona: ngozi imeiva rangi ya asali, mgongoni imepasuka vipande vidogo, mafuta bado yanachuruzika kwenye magoti, majani mdomoni hayajanyauka, na moshi wake ni wa kuni, si wa mkaa. Mpishi alitabasamu hadi meno ya nyuma yakaonekana, kwa sababu kweli alikuwa ameamua kutumia kuni na alikuwa amehangaika nazo kwenye mvua. Nadhani ni mara ya kwanza mpishi wa ndafu kusifiwa kwa kazi aliyoifanya. Na mate yalitutoka, niwe mkweli.

Sasa lawama, na zipo.

Kubwa kuliko zote: alimwita shangazi wa bwana harusi "mama bonge". Ilikuwa wakati wa vikundi kuleta zawadi, watu wanacheza, alitaka kuchangamsha. Wengine walicheka. Yule mama hakucheka, aliweka kanga zake mezani na kurudi kwenye kiti bila kumaliza kucheza. Mtu ambaye usiku wote alikuwa amepima maneno yake namna ile, hapo aliteleza vibaya. Umbo la mtu si sehemu ya mapambo ya ukumbi. Nilimfuata wakati wa chakula nikamwambia, naye alikwenda kwenye meza ya yule mama, akachuchumaa pembeni ya kiti chake, akamwomba radhi bila kipaza sauti. Mama alimsamehe. Lakini mkimchukua, mwambieni wazi tangu kikaoni: hakuna unene, hakuna wembamba, hakuna weusi wala weupe wa mtu. Na msiishie kwake, mwambieni MC yeyote mtakayemkodi, maana tabia hii imeenea mno kwenye kumbi zetu na tumeizoea kana kwamba ni burudani.

La pili ni muda. Kwa kuwa anataka kila kikundi kipate sifa yake, zawadi zilichukua muda mrefu kupita kiasi. Wafanyakazi wenzake bwana harusi walileta friji, wana jumuiya wakaleta seti ya vyombo, ndugu wa Tukuyu wakaleta mikungu ya ndizi mbichi ambayo utomvu wake ulikuwa bado unadondoka kwenye zulia la ukumbi (ile ndiyo zawadi niliyoipenda mimi). Alisimama na kila mmoja. Ilipendeza kusikiliza, lakini chakula kilianza kutolewa saa nne na nusu, na meza ya wazee ilikuwa imeshaanza kuombaomba maji na karanga. Ukumbi wenyewe ulitutaka tumalize saa sita kamili. Matokeo yake muda wa kucheza ulibaki mfupi sana. Ratiba aliandikiwa na kamati, alikuwa nayo mkononi, na alipaswa kuifuata. Mkimchukua, mpangeni mtu mmoja mwenye saa akae karibu naye na awe na ruhusa ya kumvuta koti.

La tatu, vijana. Singeli si fani yake. DJ alipoiweka alijaribu kuingia na midundo, sauti yake ikazama, na vijana wa Manzese ambao singeli ni ya nyumbani kwao walimwona kabisa kwamba anaigiza. Baada ya hapo alikaa pembeni akamwachia DJ, ambao ulikuwa uamuzi sahihi, ila ulichelewa. Yeye na DJ wetu hawakuwahi kukaa pamoja kabla ya siku hiyo, na mara kadhaa muziki ulipanda juu ya maneno yake na meza za nyuma zikakosa kusikia. Hii nailaumu kamati pia, lakini mtu anayechukua laki nane kwa ajili ya maneno yake ndiye wa kwanza kuhakikisha maneno hayo yanafika.

Niongeze kwamba hafanyi kitchen party, na alitwambia mwenyewe kwamba ile ni shughuli ya kina mama na ina lugha yake ambayo si haki yake kuishika. Yetu iliongozwa na mama mmoja wa Ilala na ilikuwa ya shangwe, ya mafunzo na ya utani mkali. Send-off anafanya. Sikumwona kwenye yetu kwa sababu tulishampa mtu mwingine, na huyo mwingine alitumia jioni nzima kutangaza kiasi ambacho kila mgeni alichanga, huku akiwaita waliochanga kingi "wageni wazito". Waliochanga kidogo walikuwa wamekaa pale pale, wamevaa sare ile ile. Ukilinganisha na hilo, mtaelewa kwa nini bado nampigia debe mtu wangu pamoja na kasoro zake. Kwenye harusi yetu hakuna kiasi kilichosomwa. Fundi cherehani wa Mtaa wa Congo ambaye mchango wake ulikuwa kukesha akishona sare za wasimamizi alitajwa kwa kazi hiyo, na kwa lugha ya watu wanaojua nguo: mishono iliyonyooka, pindo zilizofichwa, vifungo vilivyofunikwa kitambaa hicho hicho.

Kwa hiyo laki nane? Kwa harusi yetu, ndiyo, na mweka hazina amekubali, ingawa bado anasema laki sita na nusu zingetosha ukizingatia suala la chakula. Mkimpata, mpeni habari za familia wiki mbili kabla na si usiku wa kuamkia harusi, mkutanisheni na DJ, mwekeeni mtu wa saa, na mtajieni yasiyosemwa. Mpeni na chakula chake mapema, maana akishashika kipaza sauti haketi. Kwa sherehe ya vijana watupu, ya kucheza hadi mwisho, tafuteni mwingine. Wapo wengi na ni wazuri kwa kazi hiyo. Desemba anachukua shughuli moja tu kwa kila Jumamosi, na nilipozungumza naye juzi Jumamosi mbili zilikuwa zimeshakwenda.